Mguu hauna cha kukumbuka kama haujakanyaga: majibu kwa wasomaji

Barua za safari hii zimetoka kwa fundi cherehani, mwalimu, mama, dereva mwanafunzi, mpishi na babu mmoja. Kazi zao ni mbalimbali, ila malalamiko ni yale yale: mtu ameelezwa, ametazama, amesema ameelewa, na kesho yake anaanza upya.

Nafundisha ushonaji. Mwanafunzi wangu ana wiki ya pili sasa, ananitazama nikishona, na akiulizwa anataja kila sehemu ya cherehani bila kukosea. Nikimkalisha mashineni, uzi unakatika au unajikusanya chini ya kitambaa mpaka gurudumu linagoma. Ni mzito wa kuelewa?
*Fundi, Morogoro*

Fundi, kijana hana uzito wowote. Amejifunza kwa macho kazi ambayo nusu yake haionekani. Jicho ni hodari wa mpangilio: uzi unapita wapi, kipi kinatangulia kipi. Nguvu ya kifundo cha mguu haliioni. Hiyo hupimwa na hisi ambayo haimo katika ile mitano tuliyofundishwa shuleni: misuli na viungo vyenyewe huuarifu ubongo viko wapi na vinasukuma kwa kiasi gani. Ndiyo inayokuwezesha kupeleka tonge mdomoni gizani bila kujipaka mashavuni. Hisi hiyo haijengwi kwa kutazama.

Kwamba kichwa na mkono hukumbuka kila kimoja kwa njia yake, lilidhihirika kwa Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 kwa ajili ya kifafa, akabaki hawezi tena kuweka kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku ya tatu alichora vizuri kuliko siku ya kwanza, ingawa hakukumbuka kwamba amewahi kuifanya kazi hiyo. Mwanafunzi wako ni kinyume chake: kichwa kinajua, mguu haujaambiwa.

Kama ni cherehani ya miguu, mrudishe nyuma kidogo. Legeza ile skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu la mkono, kama mnavyofanya wakati wa kujaza bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, ili gurudumu lizunguke bila sindano kwenda. Avue viatu, nyayo zote mbili ziwe juu ya kanyagio, moja mbele kidogo ya nyingine. Aanzishe kwa mkono, gurudumu lije upande wake, halafu miguu iendeleze. Gurudumu likirudi kinyume hata mara moja, asimame aanze tena, maana kurudi kinyume huko ndiko kunakokata uzi wakati wa kushona kweli. Atazame ukutani, asitazame miguu. Dakika 10, mara tatu kwa siku, siku mbili. Akiweza kuzungusha dakika tano mfululizo bila kurudi nyuma huku mnapiga soga, mguu umeshika.

Kisha kaza skrubu, toa uzi wote, mpe karatasi ya daftari yenye mistari ashone matundu juu ya mistari. Tumia sindano kuukuu, kwa sababu karatasi huifanya butu na haifai tena kwa kitambaa. Uzuri wa karatasi ni kwamba haimung'unyi maneno: matundu yanaonyesha ni wapi alipoyumba, na huna haja ya kumkaripia. Baadaye achore pembe nne, ajifunze kusimama sindano ikiwa chini, kuinua kile kiguu kinachobana kitambaa, kugeuza, kushusha, kuendelea.

Sasa huo uzi unaojikusanya chini. Wanafunzi karibu wote hulaumu bobini kwa kuwa uchafu wanauona chini, yaani jicho linawapotosha tena. Mara nyingi kosa liko juu: alipitisha uzi kiguu kikiwa kimeshushwa. Kiguu kikiwa chini, vile visahani viwili vya kukaza uzi vimebanana, na uzi unakaa ukingoni badala ya kuingia katikati yake. Hakuna kinachouvuta, basi unamwagika chini. Mfundishe kulijua hili kwa vidole. Apitishe uzi kiguu kikiwa juu, afumbe macho, auvute kutokea kwenye sindano: utateleza. Ashushe kiguu, auvute tena: sasa unagoma, na sindano inapinda kidogo. Kama hakuna tofauti kati ya mvuto wa kwanza na wa pili, asishone, apitishe upya. Mara 10 za zoezi hili zina thamani kuliko wiki ya kukutazama.

Sikio lije mwisho. Sindano butu hutoboa kwa mshindo, tup, tup, tup, na sindano mpya hupita kimya. Mshonee kipande kile kile kwa sindano mbili bila kumwambia ipi ni ipi, yeye akupe jibu akiwa amekupa mgongo.

Na usimkalishe kutwa nzima. Nchini Uingereza, Alan Baddeley na mwenzake Longman walichunguza wafanyakazi wa posta waliokuwa wakijifunza kupiga chapa, wakachapisha matokeo mwaka 1978. Waliofanya saa moja tu kwa siku walihitaji jumla ya saa chache kuliko waliofanya saa mbili mara mbili kwa siku. Ziliwachukua siku nyingi zaidi, ni kweli, na hao hao waliojifunza vizuri ndio waliokuwa wakinung'unika kwamba hawaendi mbele. Tarajia manung'uniko.

Ukutani mwa shule yetu kuna chati: mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, 30 ya anachoona, hadi 90 ya anachofanya. Tumeelekezwa pia tuwagawe watoto: wa kuona, wa kusikia na wa kutenda. Tufuate?
*Mwalimu, Kakamega*

Chati hiyo ishushe, mwalimu. Binadamu hawasahau kwa makumi kamili namna hiyo. Mchoro wake unatokana na koni ya Edgar Dale, Mmarekani, aliyeichapisha mwaka 1946 bila asilimia hata moja. Namba zilibandikwa baadaye na watu wengine, zikatembea kutoka semina hadi semina.

Kuhusu kuwagawa watoto, mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwapo, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba mtoto aliyeitwa "wa kuona" hufaulu zaidi akifundishwa kwa picha kuliko kwa njia nyingine. Watoto wana wanachopenda, hilo halibishaniwi. Ila ramani hujifunzwa kwa ramani, matamshi kwa sikio, na kufunga kamba za viatu kwa vidole, awe mtoto wa namna gani. Somo ndilo linalochagua mlango wa kuingilia.

Kitu kinachofaa kweli ni kuunganisha picha na neno, jambo alilolitetea Allan Paivio wa Kanada tangu miaka ya 1970: kitu kilichowekwa kwa njia mbili kina njia mbili za kukirudia. Lakini angalia namna ya kuunganisha. Ukiandika aya ndefu ubaoni kisha ukaisoma neno kwa neno, watoto wanasoma kwa kasi yao huku wewe unasema kwa kasi yako, na maneno yanagongana. Chora moyo, ueleze kwa mdomo. Majina ya sehemu yaandike ndani ya mchoro wenyewe, si namba 1 mpaka 8 zenye orodha chini, kwa sababu jicho linaloruka juu na chini linapoteza lilichoshika. Na pale ambapo kitendo kinawezekana, watende: mtoto aliyevunja kijiti kwa mkono wake hulikumbuka neno "vunja kijiti" kuliko aliyelisikia tu.

Mwanangu wa miaka 11 amemaliza kuhifadhi juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qur'ani, bila taabu. Amefika Suratur-Rahman, sasa anarukaruka: anaanza vizuri, mara yuko katikati. Nilimnunulia msahafu mpya wenye herufi kubwa, ustadhi wake akaukataa. Na babake anataka asome kimoyomoyo.
*Mama, Tanga*

Katika hili la msahafu, mama, ustadhi ana haki. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, mistari 15 kwa ukurasa, na kila ukurasa unaishia mwisho wa aya. Anayehifadhi kwa chapa moja haweki maneno tu, anaweka na mahali: aya hii ilikuwa juu kabisa, ile iko mstari wa mwisho. Ukimpa chapa yenye mpangilio mwingine, kila aya imehama nyumba. Kama shida ni ukubwa wa herufi, tafuta chapa ile ile iliyokuzwa. Kurasa na mistari vinabaki vilivyo.

Kuruka kwake kuna sababu. Sura hiyo ina aya 78, na ndani yake "Fabiayyi aalaai rabbikumaa tukadhibaan" imerudiwa mara 31. Sikio hukumbuka kwa mnyororo, sauti moja inavuta inayofuata. Hapa sauti ile ile inafuatwa na aya tofauti kila mara, kwa hiyo mtoto anafika njia panda 31 zisizo na kibao. Akizidisha kurudia sura nzima kwa sauti, anazidi kuzoea kupotea.

Mpe vibao. Kwanza, afanye viungio peke yake: aya inayotangulia, Fabiayyi, kisha maneno mawili au matatu ya aya inayofuata, asimame hapo. Viungio vitano kwa siku, na kesho aanze na vya jana kabla ya vipya. Pili, jicho: afunge msahafu, umwulize Fabiayyi hii iko mstari wa ngapi na nini kiko chini yake, aonyeshe kwa kidole kwenye jalada tupu kana kwamba anaona ukurasa. Tatu, maana. Sura ina mwendo: kuumbwa kwa mtu, bahari mbili zinazokutana, Siku ya Kiyama, bustani mbili, kisha bustani mbili nyingine. Hapo kwenye bustani ndipo wengi hukwama, kwa sababu sauti na picha zote mbili zinafanana. Akijua yuko bustani za kwanza au za pili, atajua aya ipi ni ya wapi.

Baba naye tumwombe subira. Neno lililotamkwa kwa sauti hukumbukwa kuliko lililosomwa kimya. Colin MacLeod na wenzake huko Kanada walilipa jambo hilo jina mwaka 2010, ingawa vyuo vya pwani vilikuwa vikilifanya siku zote. Kunong'ona midomo ikicheza kuna faida, ila ndogo zaidi. Kama nyumba ni ndogo, baraza ipo.

Jambo moja zaidi. Kusoma huku anatazama, tena na tena, kunampa mtoto uhakika wa uongo. Roediger na Karpicke, Marekani, mwaka 2006 waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Baada ya dakika tano waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliosoma mara moja kisha wakajaribu kukumbuka bila kutazama walikuwa na asilimia 56, na waliosoma mara mbili 42. Basi asome mara tatu, afunge, asome kwa sauti bila kutazama, afungue pale tu alipokwama. Na amsomee mtu. Akijisomea peke yake hujisamehe.

Nimeshachukua masomo 10 ya udereva na gari bado linanizimikia kila ninapoondoka. Mwalimu anapaza sauti "achia klachi polepole!" nami naona naachia polepole.
*Mwanafunzi wa udereva, Mwanza*

"Polepole" ni neno la sikio, ndugu yetu, na mguu haulijui. Kinachotafutwa ni mahali, si mwendo. Kanyagio ya klachi ina safari ndefu kuja juu, lakini inashika katika sehemu ndogo tu ya safari hiyo. Ukijua sehemu ilipo, unaweza kupanda haraka mpaka hapo, kutulia, kisha kumalizia.

Mahali hapo pana dalili tatu na zote huja pamoja: mngurumo wa injini unashuka, mtetemo unakuja kwenye kiti na usukani, na boneti inainuka kidogo. Tafuta uwanja tambarare, mwalimu akiwa pembeni yako na mbele pakiwa peupe. Rekebisha kiti kwanza, na kila siku kiwe hapo hapo, kwa sababu mguu unajifunza pembe ya goti. Ukisogeza kiti umeufuta ubao. Breki ya mkono iwe juu kabisa, gia ya kwanza, usikanyage mafuta. Kisigino kikae sakafuni, inua kanyagio kwa nyayo mpaka mngurumo ushuke, hesabu moja, mbili, tatu, kanyaga tena. Mara 10. Pumzika dakika mbili, kwa maana ukishikilia sana utaanza kusikia harufu ya klachi kuungua. Mara 10 nyingine, sasa macho yakiwa yamefumbwa. Baada ya hapo shusha breki ya mkono, gari lijivute lenyewe kwa klachi tu, bila mafuta. Ukiweza hivyo mara 10 mfululizo, mafuta ni kitu cha kuongeza tu.

Viatu vina lawama yake. Kandambili zinateleza, na buti lenye soli nene linaufunga mguu masikio. Vaa raba nyembamba.

Kelele za mwalimu zinachelewa: neno likifika, gari limeshazima. Tena ukisahihishwa kila mara unazoea kusubiri kusahihishwa. Katika utafiti wa Carolee Winstein na Richard Schmidt wa 1990, waliopewa matokeo nusu ya mara tu walishika kazi ya mkono vizuri zaidi walipojaribiwa siku nyingine kuliko waliopewa kila mara. Mwombe kwa heshima anyamaze uondoke mara tano, kisha akuulize ulisikia nini kabla halijazima, ndipo aseme lake. Ukipanda gari jingine, usiondoke kabla hujatafuta mahali pake pa kushika. Kila gari lina pake.

Nasomea upishi. Nimesikia harufu husaidia kumbukumbu, kwa hiyo nijipake manukato fulani nikisoma mapishi na siku ya mtihani?
*Mwanafunzi, Mombasa*

Weka fedha yako. Ni kweli pua ina njia fupi ya kufika sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia za moyo na kumbukumbu, ndiyo maana udi mmoja unaweza kukurudisha kwenye harusi ya miaka 20 iliyopita. Lakini inarudisha siku na watu, hairudishi kiasi cha chumvi wala hatua ya sita.

Itumie pua kama saa, pamoja na sikio. Chukua vitunguu vya biriani. Kitabu kitakuandikia dakika 15, na dakika hizo hutegemea moto, sufuria na maji yaliyomo kwenye kitunguu. Kitunguu kikiingia mafutani kinapiga kelele kwa sababu ya maji yake. Kelele ikishuka, maji yamekwisha, na kuanzia hapo rangi inakimbia. Harufu ya ukali inageuka kuwa ya utamu. Hapo usigeuke kuchukua simu. Toa vikiwa rangi ya dhahabu, vitaendelea kukolea nje ya mafuta. Ukisubiri viwe kahawia sufuriani, mezani vitakuwa vichungu.

Pua ina udhaifu mmoja: ikikaa na harufu dakika chache huacha kuiona. Toka nje, vuta hewa, rudi. Kwa gesi ya kupikia udhaifu huo ni hatari. Ikiwa uliinusa mara moja na sasa hunusi tena, usidhani imeisha. Funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa.

Wajukuu wananifundisha kutuma fedha kwa simu. Wanainyakua, wanabonyeza kama mvua, "Babu, umeona?" Nimeona. Kesho sijui kitu. Ni uzee?
*Mzee, Iringa*

Shikamoo, mzee wetu. Uzee una sehemu yake, lakini hapa sehemu kubwa ni ya wajukuu.

Sharti la kwanza, simu isitoke mkononi mwako. Mjukuu aweke mikono nyuma, aseme, wewe ubonyeze. Asitoe hatua ya pili kabla hujamaliza ya kwanza. Azungumze kwa sauti nzito na ya taratibu, si ya juu, kwa kuwa masikio yanapozeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba, na sauti ya mtoto mwenye haraka ndiyo nyembamba kuliko zote. Kwenye mipangilio ya simu akuzie maandishi. Kama ni simu ya kugusa na haikusikii, mara nyingi ni ukavu wa ngozi au sugu za jembe: pangusa vidole kwa kitambaa chenye unyevu, na uguse kwa nyama ya kidole, usiguse kwa ncha wala kucha.

Chukua daftari, andika kwa mwandiko wako mwenyewe, mstari mmoja kwa kila kinachotokea kwenye kioo. Kwa M-Pesa ya hapa Tanzania mstari wa kwanza ni *150*00#, unaofuata ni namba ya chaguo unaloliona, na kuendelea. Anza na kuangalia salio, usianze na kutuma. Kesho yake jaribu kabla ya kufungua daftari, ulifungue pale tu ulipokwama. Rudia kesho kutwa, kisha baada ya siku nne, kisha baada ya wiki. Kila hatua itamke huku unabonyeza, isipokuwa namba ya siri. Hiyo usiitamke, usiiandike daftarini, na mjukuu ageuke akutazamie mlango.